Hermann Lehmann (1910–1985): Msomaji wa Damu na Ujirani wa Asidi Amino

Utangulizi

Katika vitongoji vya Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, wanaishi watu waliotoka pembe zote za Kenya. Kawangware, Riruta, Waithaka na Mutuini ziko katika nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria haina makao ya kudumu. Wenyeji wa asili wa nyanda hizo ni nadra kupatwa na ugonjwa wa selimundu. Hata hivyo, mtoto azaliwaye leo Kawangware kwa wazazi waliotoka Kisumu, Busia au Kilifi anaweza kuzaliwa nao, kwa kuwa chembe ya urithi haiachwi nyumbani mtu anapohama. Usiku mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, mchana macho yake huwa ya manjano, na wazazi wake huuliza amerogwa na nani.

Hakurogwa. Chanzo cha maradhi yake ni badiliko la asidi amino moja katika mnyororo wa asidi amino 146. Basi yawezekanaje jambo dogo kiasi hicho limlaze mtu kitandani? Jibu la swali hili lilichukua miaka mingi na lilihitaji mikono ya wengi. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Hermann Lehmann, mwanabiokemia ambaye safari yake ya kuichunguza damu ya selimundu ilipitia Makerere, nchini Uganda.

Makala hii inakusudia kuyasimulia maisha ya mwanazuoni huyo. Msomaji wa jarida hili anaweza kuuliza maisha ya mchunguzi wa damu yanamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Yanamhusu kwa sababu Lehmann alianza kwa kuichukulia alama moja kuwa ushahidi wa asili ya watu, akamalizia kwa kuonyesha kwamba alama haina maana hadi ijulikane inagusana na nini. Sisi tunaochunguza lugha tumeipitia njia hiyohiyo.

Kuzaliwa, elimu na uhamisho

Hermann Lehmann alizaliwa Halle, nchini Ujerumani, mwezi wa Julai mwaka 1910, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea udaktari katika vyuo vikuu vya nchi yake. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933, milango ya vyuo ilianza kufungwa mbele ya Wayahudi, na Lehmann akaipata shahada yake ya udaktari mwaka 1934 katika mji wa Basel, Uswisi. Baadaye alifanya kazi Heidelberg katika maabara ya Otto Meyerhof, mwanasayansi mashuhuri aliyechunguza jinsi msuli unavyopata nguvu. Hapo ndipo alipopata malezi yake ya kibiokemia.

Mwaka 1936 alihamia Cambridge, Uingereza. Mwaka huohuo alifika huko kijana mwingine kutoka Vienna, Max Perutz, naye akiwa wa asili ya Kiyahudi. Vijana hawa wawili walikuwa na mengi ya kufanana, lakini ilipita miongo mitatu kabla kazi zao hazijakutana kikamilifu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Uingereza iliwatazama wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria kama raia wa nchi adui. Mwaka 1940 Lehmann aliwekwa kizuizini, na Perutz pia aliwekwa kizuizini na kusafirishwa hadi Kanada. Hivyo mtu aliyefukuzwa na Wajerumani kwa kuwa Myahudi alifungiwa na Waingereza kwa kuwa Mjerumani. Baada ya kuachiliwa alirudi kazini, na mwaka 1943 aliingia katika kikosi cha madaktari cha jeshi la Uingereza, akapelekwa India.

Inafaa tukumbuke kwamba siasa iliyomhamisha Lehmann ilijengwa juu ya dhana ya damu. Wanazi walidai kwamba damu hutenga taifa na taifa, na kwamba thamani ya mtu imo katika nasaba yake. Lehmann alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuichunguza damu yenyewe, tone kwa tone, katika mabara yote.

Makerere na Bwamba

Baada ya vita, kati ya mwaka 1947 na 1949, Lehmann alifanya utafiti katika Chuo cha Makerere, Kampala. Aliletwa kuchunguza upungufu wa damu na utapiamlo. Mtafiti wa upungufu wa damu nchini Uganda hangeweza kuikwepa selimundu. Akishirikiana na Alan Raper, mtaalamu wa patholojia aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alianza kuwapima watu wa makabila mbalimbali.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi kueleza. Tone la damu huwekwa chini ya kipande cha kioo na kuzuiliwa hewa. Oksijeni inapokwisha, chembe nyekundu za mtu asiye na urithi huo hubaki na umbo lake la mviringo. Chembe za mtu aliyeurithi, hata kama ni mzima wa afya, hujikunja zikawa na ncha mbili kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndipo likatoka jina la selimundu.

Hapa inatupasa kutofautisha mambo mawili. Aliyeurithi ulemavu huo kutoka kwa mzazi mmoja tu ni mbebaji, naye kwa kawaida haugui. Aliyeurithi kutoka kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Katika siku hizo, wengi wa watoto waliozaliwa wagonjwa hawakufika utu uzima.

Mwaka 1949 Lehmann na Raper walichapisha matokeo yao. Yalishangaza. Katika baadhi ya jamii wabebaji walikuwa wachache mno, na katika nyingine walikuwa wengi. Baamba wa Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo, walionekana kuwa na wabebaji takriban wanne katika kila watu kumi. Tofauti hizi zilipatikana ndani ya nchi moja, kati ya jamii zinazopakana na kuoana.

Watafiti hao waliuita mgawanyiko huo wenye umuhimu wa kiethnolojia. Maana yake ni kwamba waliona damu kama kitabu cha historia: kabila lenye wabebaji wengi na kabila lenye wachache huenda yana asili tofauti. Dhana hii haikuwa ngeni katika zama zile. Watawala wa kikoloni waliyapanga makabila kwa rangi, kwa urefu wa pua na kwa aina ya lugha, na hapa ilionekana kama kwamba imepatikana alama ya kisayansi ya kuikamilisha kazi hiyo.

Hoja ya asili na mipaka yake

Lehmann aliondoka Uganda mwaka 1949 akarudi Uingereza, na kuanzia mwaka 1951 alifanya kazi katika Hospitali ya St Bartholomew's, London. Hakuiacha selimundu. Mwaka 1952, pamoja na Marie Cutbush, alitangaza kwamba wabebaji wake wamepatikana kusini mwa India, katika jamii za milima ya Nilgiri. Ugunduzi huu ulivunja dhana iliyoenea, hasa Marekani, kwamba selimundu ni ugonjwa wa watu weusi pekee. Hapa Lehmann alitoa mchango mkubwa: alionyesha kwamba urithi huo haufuati mpaka wa rangi.

Lakini kutokana na ushahidi huohuo alitoa hitimisho jingine. Mwaka 1954 alichapisha makala iliyodai kwamba mgawanyiko wa selimundu unatoa mwanga mpya juu ya asili ya watu wa Afrika Mashariki. Kwa kuwa alama hiyo imo India na imo Afrika, aliona kwamba huenda chimbuko lake ni moja, pengine Uarabuni, na kwamba iliingia pwani yetu pamoja na wahamaji wa kale.

Mwaka huohuo wa 1954, Anthony Allison, daktari aliyelelewa nchini Kenya, alichapisha maelezo ya namna nyingine. Allison alikuwa ameona kwamba wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni wachache katika nyanda za juu. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Alionyesha kwamba mbebaji wa selimundu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, kwa hiyo mahali penye mbu wengi urithi huo hudumu, ingawa watoto wanaourithi kwa wazazi wote wawili hufa. Mahali pasipo malaria hauna faida, nao hupungua. Mwaka 1956 Lehmann na Raper walirudi kwenye suala la Bwamba, safari hii wakiuliza wingi ule wa wabebaji unadumishwaje vizazi na vizazi. Swali lilikuwa limebadilika: kutoka kuuliza watu wametoka wapi, hadi kuuliza wanaishi katika mazingira gani.

Suala la chimbuko lenyewe liliendelea kubishaniwa baada ya Lehmann kufa. Katika miaka ya 1980 uchunguzi wa chembe za urithi uligundua kwamba ulemavu wa selimundu umezungukwa na mifumo kadhaa tofauti ya alama jirani, nayo ikapewa majina ya Senegali, Benin, Kibantu na Kiarabu-Kihindi. Wengi walichukulia kwamba badiliko hilo lilitokea mara kadhaa, mahali mbalimbali. Mwaka 2018 watafiti wengine walitoa hoja kwamba lilitokea mara moja tu, barani Afrika, takriban miaka 7,300 iliyopita. Ama liwe lilitokea mara moja ama mara nyingi, ushahidi hauoneshi kwamba lililetwa Afrika kutoka Uarabuni.

Msomaji wa Kiswahili ataitambua sura ya mjadala huu. Kwa muda mrefu walikuwako waliodai kwamba Kiswahili ni Kiarabu, au ni mchanganyiko uliozaliwa na Kiarabu, kwa sababu kina maneno mengi ya asili hiyo. Walihesabu maneno kama Lehmann alivyohesabu chembe zenye umbo la mundu, na kutokana na alama moja wakatoa nasaba ya lugha nzima. Wataalamu wa isimu, kuanzia Derek Nurse na Thomas Spear hadi David Massamba, walijibu kwa kuangalia uhusiano wa ndani: ngeli na upatanisho wake, viambishi vya kitenzi, mfumo wa sauti na msamiati wa msingi. Neno la mkopo huingia likatii sarufi ya nyumba lililomoingia. Tukisema vitabu vizuri vimenunuliwa, asili ya Kiarabu ya neno kitabu haina uwezo wowote juu ya upatanisho huo. Kinachotambulisha lugha ni jinsi vipashio vinavyohusiana.

Salio, mnyororo na mgusano

Ili kuielewa hatua iliyofuata katika maisha ya Lehmann, hatuna budi kueleza hemoglobini ni nini. Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, nayo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Chembe moja nyekundu ina molekuli takriban milioni 280 za hemoglobini. Kila molekuli ina minyororo minne: miwili iitwayo alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili iitwayo beta, yenye asidi amino 146 kila mmoja. Jumla yake ni 574.

Asidi amino zinapofungamana kuwa mnyororo, kila fungo huondoa molekuli moja ya maji. Kinachobaki cha asidi amino ndani ya mnyororo si asidi amino kamili tena. Katika makala hii tunakiita salio, wingi wake masalio. Ziko aina 20 za kawaida za masalio, na kila aina ina tabia yake: mengine yana chaji ya umeme na hupenda maji, mengine yana mafuta na huyakimbia maji.

Mnyororo haukai umenyooka kama kamba. Hujikunja, na kukunjana huko huyaleta pamoja masalio yaliyo mbalimbali katika mfuatano. Salio la 42 linaweza kugusana na la 98, ingawa katika mfuatano yametengwa na mengine zaidi ya hamsini. Hali hii tunaifahamu katika sarufi: kiima kinaweza kuachana na kitenzi chake kwa vishazi viwili, na bado kikakitawala kwa kiambishi cha upatanisho.

Basi mgusano ni nini? Ni ukaribu wa atomu za masalio mawili kiasi cha kuathiriana. Watafiti huweka kikomo cha umbali, kwa kawaida angstromu 4 au 5 kati ya atomu zilizo karibu zaidi, angstromu moja ikiwa sehemu moja ya bilioni kumi ya mita. Masalio yanayogusana yanaweza kushikana kwa chaji zinazovutana, kwa kifungo cha hidrojeni, au kwa kukimbilia pamoja mahali pasipo na maji. Ukiorodhesha migusano yote ya protini, unapata ramani ya ujirani wake.

Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walikuwa wameonyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alikata hemoglobini hiyo vipande vidogo na kuona kwamba kipande kimoja tu kinatofautiana. Mwaka uliofuata alibainisha kwamba asidi ya glutamiki, salio la sita la mnyororo beta, imebadilishwa na valini. Lakini kulijua salio lililobadilika hakukueleza kwa nini mwili unaugua. Ilihitajika ramani ya ujirani.

Kazi ya pamoja na Perutz

Ramani hiyo ilichorwa na Max Perutz. Tangu mwaka 1937 alikuwa akipiga fuwele za hemoglobini kwa mionzi ya eksirei na kupima jinsi mionzi inavyotawanyika. Mwaka 1953 aligundua njia ya kuyatafsiri madoa hayo kwa kuambatisha atomu nzito, kama za zebaki, kwenye protini. Mwaka 1960 alitoa umbo la jumla la molekuli, na mwaka 1962 akapata Tuzo ya Nobeli pamoja na John Kendrew. Mwaka 1968 alifikia umbo la hemoglobini ya farasi kwa ubainifu wa angstromu 2.8, ulioweza kuonyesha nafasi ya kila salio. Hemoglobini ya farasi inafanana sana na ya binadamu.

Lehmann alikuwa amerudi Cambridge mwaka 1963, akaongoza kituo cha utafiti wa hemoglobini zisizo za kawaida, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1977 alikuwa profesa wa biokemia ya tiba. Sampuli za damu zilimfikia kutoka nchi nyingi. Yeye na wenzake walibainisha makumi ya aina mpya za hemoglobini, kila moja ikiwa na salio lililobadilika mahali fulani. Mmoja alikuwa na ramani, mwingine alikuwa na orodha ya makosa. Mwaka 1968 walichapisha pamoja makala juu ya patholojia ya molekuli ya hemoglobini ya binadamu. Walilichukua kila badiliko lililofahamika, wakalitafuta mahali pake katika umbo, wakauliza linagusana na nani.

Matokeo yalikuwa na mpango. Mabadiliko mengi yaliyotokea juu ya uso wa molekuli hayakuwa na madhara. Salio la huko linagusana na maji tu, na kwa kawaida likibadilishwa halimsumbui jirani. Mabadiliko ya ndani yalikuwa habari nyingine. Katika hemoglobini iitwayo Hammersmith, fenilalanini ya 42 ya mnyororo beta, ambayo huigusa hemu, yaani kiini chenye chuma kinachoshika oksijeni, imebadilishwa na serini. Hemu hulegea, protini huharibika, na mtu hupungukiwa damu. Katika hemoglobini iitwayo Köln, ambayo Lehmann na wenzake waliibainisha mwaka 1966, valini ya 98 imebadilishwa na methionini, nayo pia iko karibu na hemu. Katika hemoglobini M Boston, histidini iliyo jirani na chuma imebadilishwa na tirosini, nayo hukishika chuma chenyewe hata kikashindwa kubeba oksijeni.

Kundi la tatu lilikuwa la masalio yaliyo mahali minyororo inapokutana. Hemoglobini hubadili umbo inaposhika oksijeni na inapoiachia. Mpaka mmoja kati ya alfa na beta hubaki takriban vilevile, lakini mpaka wa pili huteleza. Badiliko katika mpaka huo wa pili huvuruga utaratibu wa kupokea na kutoa. Mwenye hemoglobini iitwayo Kansas, kwa mfano, ana badiliko moja katika mpaka huo, na hemoglobini yake haiishiki oksijeni kwa nguvu ipasavyo.

Selimundu yenyewe ilionekana kukataa kanuni. Salio la sita liko juu ya uso, nje kabisa. Kwa kanuni hiyo halikupaswa kuleta madhara. Maelezo yake ni kwamba glutamiki hupenda maji, na valini huyakimbia. Hemoglobini ikiwa na oksijeni, valini hiyo haina pa kwenda. Inapoiachia oksijeni, umbo lake hubadilika, na kwenye molekuli jirani hutokea kishimo kilichozungukwa na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88 za mnyororo beta. Valini huingia humo. Molekuli ya kwanza huishika ya pili, ya pili ya tatu, hadi zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe nyekundu ikawa mundu. Uchunguzi wa fuwele uliochapishwa Marekani mwaka 1975 uliithibitisha migusano hii kati ya molekuli na molekuli.

Hapo ndipo swali la mwanzo lilipopata jibu. Salio moja humlaza mtu kitandani kwa sababu linajenga ujirani ambao haukuwapo.

Majina ya hemoglobini

Jambo jingine linalomgusa mwanafunzi wa lugha ni majina. Hemoglobini za kwanza zilipewa herufi: A, S, C, D, E. Zilipozidi kuwa nyingi, herufi hazikutosha, ikawa desturi kuziita kwa jina la mahali zilipopatikana. Mwaka 1959 Lehmann, pamoja na watafiti waliokuwa Kongo, alitangaza hemoglobini mbili zilizoitwa Stanleyville ya kwanza na ya pili. Stanleyville ndiyo Kisangani, mji wa wasemaji wa Kiswahili kwenye mto Kongo. Mji huo uliliacha jina la kikoloni mwaka 1966, lakini hemoglobini zake zimebaki nalo. Stanleyville ya pili, ambayo asparajini ya 78 ya mnyororo alfa imebadilishwa na lisini, haimdhuru aliye nayo.

Mwaka 1972 ilitangazwa hemoglobini iitwayo Kenya. Hii haikutokana na kubadilika kwa salio moja. Mnyororo wake huanza kama gama, ambao ni wa hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, na humalizikia kama beta, kama neno lililoundwa kwa kuunganisha mwanzo wa neno moja na mwisho wa jingine.

Hitimisho

Mwaka 1972 Lehmann alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya kuu ya wanasayansi ya Uingereza. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 75. Perutz alifariki mwaka 2002.

Kazi waliyoianzisha imeendelea. Leo kompyuta huorodhesha migusano ya protini nzima kwa muda mfupi, na programu za akili bandia hukisia umbo la protini kutokana na mfuatano wake peke yake. Upande wa tiba, dawa ya haidroksiyurea huuchochea mwili kutengeneza tena hemoglobini ya utotoni. Mnyororo gama wa hemoglobini hiyo haushikamani vizuri katika nyuzi za selimundu, kwa hiyo huukata ule ujirani mbaya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ambao ulihusisha watoto wa Kilifi nchini Kenya na wa Mbale nchini Uganda, ulionyesha kwamba dawa hiyo inafaa na ni salama kwa watoto wa Afrika.

Kuna deni lililobaki. Maarifa haya yalitokana kwa sehemu kubwa na damu ya watu wa Bwamba, Kampala, Kisangani na Kenya. Yaliandikwa kwa Kiingereza na kuhifadhiwa mbali. Mzazi wa Kawangware anayeambiwa na muuguzi kwamba mwanawe ana selimundu anastahili kuelezwa, kwa lugha anayoifahamu, ni kitu gani kimegusana na kitu gani, na kwa nini si uchawi wala si laana ya kabila lake. Kazi ya kuyaunda na kuyasanifisha maneno hayo, salio, mgusano, mnyororo na mengine yatakayofaa zaidi, haiwezi kufanywa na wanabiokemia peke yao. Ni kazi yetu pia, na wanafunzi wa Kiswahili walio karibu na hospitali, maabara na vitongoji vya Nairobi hawana sababu ya kungoja ifanyiwe kwingine.